Mabawa Yaliyolazwa Nyuma: Namna ya Kulifundisha Swali Gumu

Swali liliulizwa na mtoto wa darasa la sita katika shule moja iliyo karibu na Mgololo, wilayani Mufindi, wakati wanachuo wetu walipokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa hewa na sifa zake. Mwanachuo alikuwa ametundika picha mbili ukutani: moja ya ndege ya uchukuzi yenye rafadha, yaani panga la kuzunguka mbele ya injini, na nyingine ya ndege ya kivita ya jeti. Mtoto huyo, ambaye babu yake alikuwa askari katika vita vya Kagera, alinyosha kidole akauliza, "Mwalimu, kwa nini hii mabawa yake yamelala nyuma?"

Mwanachuo alijibu bila kusita kwamba mabawa hulazwa nyuma ili ndege iwe na ncha kama mshale na ipenye hewa kwa urahisi. Darasa likaridhika, ila si mtoto mwenyewe. "Mbona hii nyingine mabawa yamenyooka? Yenyewe haitaki kupenya?" Hapo mwanachuo alimwambia akae chini, na somo likaendelea.

Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma ya darasa hatuwezi kumlaumu mwanachuo huyo peke yake. Jibu la mshale tumelitoa sisi wenyewe kwa miaka mingi, kwa kuwa tulifundishwa hivyo. Lakini mtoto alikuwa ameona kasoro yake kwa swali moja tu. Kama sura ya mshale ingekuwa ndiyo sababu, kila ndege ingefaidika nayo, hata ile iendayo polepole. Katika makala hii tutaeleza sababu ya kweli kwa kadiri mwalimu wa shule ya msingi anavyopaswa kuijua, kisha tutaonyesha njia ya kuifikisha darasani kwa vifaa visivyo na gharama.

Sauti na hewa

Hatuna budi kuanza mbali kidogo na ndege, yaani katika sauti. Sauti ni mtikisiko unaopita katika hewa, nao una kasi yake. Mahali penye joto la nyuzi 15 za Sentigredi sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 1,225 kwa saa. Kadiri hewa inavyokuwa baridi, ndivyo sauti inavyopunguza mwendo. Kwenye kimo cha mita 11,000, ambako ndege nyingi za jeti hupita na ambako baridi hufika nyuzi 56 chini ya sifuri, kasi yake ni kilomita 1,060 hivi kwa saa.

Watoto wa nyanda hizi wanalijua jambo hilo kwa macho. Wakitazama watu wakikata miti kwa shoka katika msitu wa Sao Hill kutoka ng'ambo ya bonde, huona shoka likishuka kwanza, na mlio huwafikia baadaye. Mlio umechukua muda kusafiri.

Kasi hiyo ina maana gani kwa ndege? Ndege inapokwenda, huisukuma hewa iliyo mbele yake, na msukumo huo husafiri mbele kwa kasi ya sauti. Ni kama lori la magogo linaloteremka likipiga honi: watu walio njiani husikia mapema wakajitenga kando taratibu. Ndege iendayo polepole huituma "honi" yake mbele zaidi, nayo hewa hujigawa mapema, nyingine juu ya bawa na nyingine chini. Lakini ndege ikiikaribia kasi ya sauti, taarifa na ndege hufika karibu pamoja. Hewa haina nafasi ya kujitenga. Hujibana ghafla na kufanya kama ukuta mwembamba, ambao wataalamu huuita wimbi la mshtuko. Nyuma ya wimbi hilo hewa huvurugika, ukinzani huongezeka mno, ndege hutetemeka, na wakati mwingine usukani hauitikii tena.

Jambo la kuzingatia sana ni kwamba matata haya huanza kabla ndege yenyewe haijaifikia kasi ya sauti. Bawa limetuna upande wa juu, na hewa ipitayo juu ya tuta hilo huenda kasi kuliko ndege. Kwa hiyo ndege inaweza kuwa inakwenda kilomita 850 kwa saa katika anga la juu, na hewa iliyo juu ya bawa ikawa imekwisha kuivuka kasi ya sauti. Marubani wa mwisho wa vita kuu ya pili walikutana na hali hiyo walipopiga mbizi kwa ndege zenye mabawa manyoofu, na baadhi yao hawakurudi.

Kulaza bawa hufanya nini?

Sasa tuje kwenye jibu. Tazama mwanamke wa Mufindi aliyebeba kuni kichwani akipanda kilima. Hapandi moja kwa moja; hukata mshazari. Kilima ni kile kile na kimo chake ni kile kile, lakini njia yake imekuwa ndefu zaidi na mwinuko wake umekuwa mpole. Au mchukue mtoto anayeendesha baiskeli kuvuka tuta la shamba la mahindi. Akilivuka moja kwa moja, tuta lenye upana wa sentimita 60 humrusha. Akilivuka kwa mshazari wa nyuzi 45, upana wa tuta hilo hilo kwake ni sentimita 85, na mrusho hupungua.

Hewa inayovuka bawa lililolazwa nyuma ni kama baiskeli hiyo. Huukuta mtuno wa bawa kwa mshazari, kwa hiyo mtuno huwa mpole kwake, hewa haichapuki sana, na wimbi la mshtuko huchelewa kutokea. Faida yenyewe ndiyo hiyo: bawa lililolazwa huahirisha matata ya kasi ya sauti, rubani akaweza kwenda mbio zaidi kabla ya kukutana nayo.

Jambo hilo hilo laweza kuelezwa kwa njia ya pili. Mwendo wa hewa unaolikuta bawa la mshazari hugawanyika sehemu mbili. Sehemu moja hulivuka bawa kwa pembe mraba. Sehemu nyingine huteleza kulifuata bawa kwa urefu wake kuelekea nchani. Ile inayolivuka ndiyo inayochapuka juu ya mtuno; ile inayoteleza kwa urefu haikuti tuta lolote. Bawa basi "huhisi" kasi ndogo kuliko ile ya ndege. Kama ndege inakwenda kilomita 1,000 kwa saa na mabawa yamelazwa nyuzi 35, sehemu inayolivuka bawa ni kilomita 820 hivi. Zikiwa nyuzi 45 ni 710. Zikiwa nyuzi 55 ni 570. Katika ndege halisi faida haifiki kiasi hicho chote, kwa sababu karibu na kiwiliwili cha ndege na karibu na ncha ya bawa hewa haiwezi kufuata njia hiyo kikamilifu. Lakini mwelekeo ni huo.

Sasa swali la pili la mtoto wa Mgololo limepata jibu. Ndege ya uchukuzi yenye rafadha haiikaribii kasi ya sauti, basi haina matata ya kuahirisha. Kulaza mabawa yake kungekuwa hasara tupu.

Habari ya kale kwa ufupi

Wazo hili lilitolewa hadharani mwaka 1935 na Mjerumani Adolf Busemann, katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Roma. Yeye alizungumzia hasa mwendo unaozidi wa sauti, na ni wachache waliomjali, maana ndege za siku zile zilikuwa mbali sana na kasi hiyo. Baadaye wenzake katika Ujerumani waligundua kwamba faida huanza hata chini ya kasi ya sauti. Katika Marekani Robert Jones alifikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe mapema mwaka 1945.

Hapa pana funzo kwa mwalimu. Ndege ya jeti ya Kijerumani Me 262, iliyoruka kwa nguvu za jeti peke yake mara ya kwanza Julai 1942, ilikuwa na mabawa yaliyolazwa nyuzi 18 na nusu. Watu wengi huitaja kuwa mfano wa kwanza wa elimu hii. Ukweli ni kwamba yalilazwa kwa sababu injini zilitoka nzito kuliko ilivyotazamiwa, ikabidi uzito wa ndege usawazishwe. Sura hufanana, lakini sababu si moja.

Vita vilipokwisha, washindi waliichukua elimu ya Wajerumani. Wamarekani walikuwa wameanza kuchora ndege yao ya F-86 ikiwa na mabawa manyoofu, wakaichora upya. Iliruka tarehe 1 Oktoba, 1947, mabawa yakiwa yamelazwa nyuzi 35. Tarehe 30 Desemba mwaka huo huo iliruka MiG-15 ya Warusi, nayo ikiwa na nyuzi 35. Katika vita vya Korea, MiG-15 zilipotokea Novemba 1950, ndege za jeti za Kimarekani zenye mabawa manyoofu zilizidiwa mbio waziwazi, hata F-86 zikapelekwa huko kwa haraka. Tusiseme kwamba mabawa peke yake ndiyo yaliyoleta tofauti. MiG-15 ilikuwa pia nyepesi na yenye injini ya nguvu. Lakini baada ya hapo hakuna aliyebisha.

Kutoka MiG-15 ilizaliwa MiG-17, ambayo mabawa yake yamelazwa nyuzi 45 karibu na kiwiliwili. Wachina waliitengeneza Shenyang kuanzia mwaka 1956, na zile walizouza nje waliziita F-5. Ikafuata F-6, iliyotokana na MiG-19, yenye mabawa ya nyuzi 55 na uwezo wa kuivuka kasi ya sauti katika mwendo wa kawaida wa usawa. Aina hizi mbili ndizo zilizoletwa kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania kutoka China katika miaka ya 1970. Kabla ya hapo, kikosi chetu cha anga kilikuwa kimeanza na ndege za uchukuzi kutoka Kanada, zikiwamo Caribou, zenye mabawa manyoofu na zisizofika hata kilomita 400 kwa saa. Katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, Tanzania na Uganda zote zilikuwa na ndege za jeti za ukoo wa MiG. Mwalimu ajihadhari na jina la F-5: Kenya nayo ilipata F-5 mwaka 1978, lakini hizo ni za Kimarekani na ni ndege tofauti kabisa.

Gharama ya kulaza bawa

Mwalimu asiwaache watoto wakidhani kwamba bawa lililolazwa ni zuri kwa kila jambo. Tulisema kwamba sehemu ya hewa huteleza kuelekea nchani. Ndege inapopunguza mwendo ili itue, hewa nzito na chovu hujikusanya huko, na ncha za mabawa hupoteza nguvu ya kuinua kabla ya sehemu nyingine. Kwa kuwa ncha hizo ziko nyuma, ndege huinua pua yake ghafla, na rubani aweza kushindwa kuirudisha. Isitoshe, bawa lililolazwa huinua uzito mdogo zaidi katika mwendo wa polepole, basi ndege huhitaji kutua kwa kasi kubwa na kwenye uwanja mrefu.

Dawa moja ya tatizo hilo huonekana katika picha yoyote nzuri ya MiG-17. Juu ya kila bawa pana vibao vitatu vyembamba vilivyosimama, vikielekea mbele na nyuma. Hivyo ni vizuizi vya kuikataza hewa isitiririke kwenda nchani, mfano wa makinga-maji yanayochimbwa shambani ili mvua isichukue udongo. Mtoto aliyezoea shamba la mteremko atalielewa jambo hilo upesi kuliko mtoto wa mjini.

Wala kulaza bawa si njia pekee. Ndege ya Kimarekani Bell X-1, iliyokuwa ya kwanza kuivuka kasi ya sauti katika mwendo wa usawa, tarehe 14 Oktoba, 1947, ilikuwa na mabawa manyoofu lakini membamba sana. Tuta likiwa dogo, hata kulivuka moja kwa moja hakurushi sana.

Hatua za somo

Somo hili lafaa darasa la sita au la saba, kwa vipindi viwili. Vifaa ni debe na fimbo, karai la maji, rula, vipimapembe, na karatasi. Shule zilizo karibu na Mgololo hazina udhuru wa karatasi; kiwanda kinachoitengeneza kutokana na misonobari kiko mlangoni pao.

Hatua ya kwanza: kasi ya sauti. Pima mita 340 uwanjani au barabarani. Mtoto mmoja asimame mwisho wa mbali, ainue fimbo juu kabisa, kisha apige debe. Wengine watazame fimbo na kusikiliza mlio. Kati ya kuona na kusikia itapita sekunde moja. Rudieni mara kadhaa, na watoto wenyewe waseme walichokiona kabla mwalimu hajasema neno.

Hatua ya pili: rula majini. Mtoto asimamishe rula katika karai na kuisukuma kwa ubapa wake. Maji hujaa mbele na kufanya mawimbi. Kisha aisogeze kwa urefu wake. Maji karibu hayatambui kwamba kuna kitu. Hatimaye aisukume kwa mshazari, na darasa lilinganishe. Hapa watoto hugundua kwamba mwendo wa kufuata urefu wa kitu hauyasumbui maji sana.

Hatua ya tatu: kuchora. Kila mtoto achore mstari AB wenye sentimita 10, kila sentimita ikiwa kilomita 100 kwa saa. Huo ni mwendo wa hewa. Kutoka A achore mstari mwingine unaofanya pembe ya nyuzi 35 na AB. Kutoka B ateremshe mstari unaokutana na ule wa pili kwa pembe mraba, na mahali pa kukutania paitwe D. Bawa limelala sambamba na DB. Sasa apime AD, ambayo ni sehemu inayolivuka bawa: atapata sentimita 8 na milimita 2. Warudie kwa nyuzi 45 na 55. Watapata 7.1 na 5.7. Waandike majibu katika jedwali na kuulizwa: pembe ikikua, AD hufanya nini? Na DB je? Swali la DB ndilo litakalowaongoza kwenye gharama tuliyoieleza.

Hatua ya nne: kutumia maarifa. Onyesha picha za ndege mbalimbali bila kutaja kasi zake, watoto wakisie ipi huenda mbio kwa kutazama mabawa. Air Tanzania ilipokea ndege yake ya kwanza ya Airbus A220 Desemba 2018. Hiyo ni ya jeti na mabawa yake yamelazwa. Dash 8-Q400 ya shirika hilo hilo ni ya rafadha na mabawa yake yamenyooka. Mlinganisho huu una maana kuliko ule wa ndege za vita, kwani mtoto aweza kuzishuhudia mwenyewe.

Mitego miwili

Wa kwanza ni mfano wa mbayuwayu. Ni kweli kwamba ndege huyo hukunja mabawa nyuma anaposhuka kwa kasi, na mwalimu atashawishika kumtumia. Lakini mbayuwayu yuko mbali mno na kasi ya sauti; yeye hupunguza ukubwa wa bawa ili apunguze ukinzani. Kumtumia ni kurudi kwenye jibu la mshale kwa mlango wa nyuma.

Wa pili ni maelezo yanayopatikana katika vitabu vingi, kwamba hewa ya juu ya bawa hukimbia ili ikutane kwa wakati mmoja na ile ya chini. Si kweli, hewa ya juu hutangulia kufika. Mtosheleze mtoto kwa kusema kwamba bawa huigeuza hewa kuelekea chini, nayo hewa huliinua bawa, na kwamba katika kufanya hivyo hewa ya juu huchapuka.

Tuliporudi katika shule ile wiki iliyofuata, mwanachuo wetu alikuwa ameomba kipindi kingine. Alianza kwa kuwaambia watoto kwamba wiki iliyopita aliwapa jibu lisilotosha, na kwamba mwenzao aliyeambiwa akae chini ndiye aliyeuliza sawasawa. Kisha akawatoa nje na debe. Tuliogopa kwamba darasa litamdharau. Halikumdharau. Watoto walipima mita 340 kwa hatua zao wenyewe, na aliyepewa fimbo ya kupigia debe alikuwa yule mwenye swali.